Maelezo Ambayo Mjomba Hakupewa

Nina steshenari mjini Mtwara, si mbali na mahakama. Chumba kimoja, mashine moja ya fotokopi inayokwama kila upepo wa bahari ukileta unyevu, printa, na friji la maji baridi ambalo kwa kweli ndilo linalolipa pango. Kopi moja shilingi mia. Siku za kesi wateja wanafika sijamaliza kufagia. Wanaleta barua ya mwenyekiti wa mtaa kwa ajili ya mdhamini, kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, hati ya nyumba, samansi, hati ya mashtaka. Kwa miaka mingi nilijiona nimeshazishika karatasi zote ambazo kesi ya jinai inaweza kuzaa. Kumbe ipo moja ambayo ilikuwa haiji kabisa kwenye kioo changu, na kwa kuwa haiji sikuwahi kujiuliza imekaa wapi.

Karatasi hiyo ni maelezo ya shahidi. Yale aliyoyasema polisi siku za mwanzo, mambo yakiwa bado ya moto, afande akaandika kwa mkono, shahidi akasomewa, akatia saini au dole gumba. Hukaa kwenye jalada, na mwendesha mashtaka huyasoma usiku wa kuamkia kesi. Mshtakiwa ambaye hana wakili anayasikia kwa mara ya kwanza shahidi akiwa kizimbani. Ikitokea shahidi akasema kitu kingine tofauti na alichosema polisi, mshtakiwa hana pa kujulia.

Hayo niliyajua baada ya mjomba kushtakiwa.

Kwa msomaji wa mbali niseme kwanza kwamba kwetu uwandani, kwa Wamakonde, mjomba si ndugu wa kumpigia simu sikukuu. Kwa desturi ya wazee, mtoto ni wa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye sauti. Mjomba ndiye aliyenilipia ada, ndiye aliyekaa mbele siku ya mahari yangu, na hata mashine hii ya fotokopi ilianza na magunia yake matatu ya korosho. Kwa hiyo kesi ilipokuja, haikuwa ya kwake peke yake.

Alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi, katika wilaya moja ya huko juu ambayo sitaitaja. Wanaolima korosho wanaijua kazi hiyo. Mkulima analeta gunia, linapimwa, kilo zinaandikwa daftarini, anapewa karatasi yake. Mzigo wa chama ukijaa lori linaupeleka ghala kuu, unapimwa tena, na huko ndiko unakosubiri mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Kati ya mizani ya kwanza na ya pili kuna njia ndefu na watu wengi. Kuna unyaufu, maana korosho ikikauka inapungua. Kuna gunia lililotoboka. Na kuna mikono. Kila msimu ukifungwa, vikao vya hesabu vinaanza, na baada ya vikao huwa sishangai nikiona sura za makarani na wenyeviti wa vyama kwenye foleni yangu, wakitoa kopi za vitambulisho vya wadhamini.

Desemba 2020 upungufu ulikuwa magunia thelathini na moja. Mjomba alichukuliwa ijumaa jioni, siku ambayo kila mtu anajua maana yake: unalala ndani mpaka jumatatu. Akafikishwa mahakamani kwa wizi akiwa mtumishi, akapata dhamana, na tukaanza kuhudhuria tarehe. Miezi mitano tulisikia sentensi moja, upelelezi bado haujakamilika. Tangu 2022 sheria inataka upelelezi ukamilike kwanza ndipo mtu ashtakiwe, isipokuwa kwa makosa makubwa. Sisi tulikuwa bado kwenye utaratibu wa zamani. Kila tarehe ilikuwa nauli ya kushuka na kupanda, na siku moja ya shamba iliyopotea.

Kisha ikaja siku ya usikilizwaji wa awali. Mwendesha mashtaka anasoma hadithi yake kwa ufupi, mshtakiwa anaulizwa ni yapi anayakubali. Jina lako ni hili? Ndiyo. Ulikuwa karani wa mizani? Ndiyo. Funguo za ghala ulikuwa nazo? Ndiyo. Hayo yanaandikwa kama mambo yasiyobishaniwa, anatia saini, na majina ya mashahidi yanatajwa. Walikuwa wanne. Mjomba alitoka nje anatabasamu, akasema, "Mpwa wangu, wote hawa nawafahamu. Hawana la kusema."

Shahidi wa kwanza alikuwa mlinzi wa ghala. Alisema kwamba usiku wa tarehe aliyoitaja alimwona mjomba kwa macho yake akifungua mlango, Fuso likaingia kinyumenyume, vijana wakapakia, mjomba akiwa amesimama pembeni na tochi. Aliongea taratibu, kwa adabu, bila kumtazama. Alipomaliza hakimu akageuka. "Mshtakiwa, una maswali kwa shahidi huyu?"

Mjomba ni mtu wa maswali. Kwenye mikutano ya chama walikuwa wakimwomba akae chini. Siku hiyo alishika ubao wa kizimba, akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa nini unanisingizia?"

"Sikusingizii."

"Swali jingine?" hakimu akasema.

"Sina, Mheshimiwa."

Nimeshasimama nyuma ya mahakama mara nyingi tangu siku ile, kwa kuwa dukani kuna msaidizi sasa, na naweza kukuambia kwamba swali hilo ndilo wanalouliza karibu wote wasio na wakili. Kwa nini unasema uongo. Kwa nini unanionea. Linatoka moyoni, na halina faida yoyote. Swali la faida linahitaji kitu cha kushika. Ulisema polisi ulikuwa wapi? Mwanga ulitoka upande gani? Kwa nini hukutaja tochi siku ya kwanza? Huwezi kuyatunga hayo ndani ya nusu dakika, umesimama mbele ya watu, mtu uliyekula naye wali wa msiba ndiyo kwanza amemaliza kukuita mwizi.

Aliyetufumbua macho ni mama mmoja msaidizi wa kisheria, wa wale wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambaye alikuja kutoa kopi za fomu zake. Nilikuwa nimeiacha hati ya mashtaka ya mjomba mezani. Akaisoma juujuu, wala hakuomba ruhusa.

"Huyu ni nani yako, dada?"

"Mjomba."

"Maelezo ya mashahidi mnayo?"

"Maelezo gani?"

"Ya polisi."

"Hayo si ya polisi wenyewe, mama?"

Hakucheka. Alivuta kiti. "Mwambie akaombe. Asimwombe pipii kwenye korido, ataambiwa kesho mpaka msimu uishe. Aombe mbele ya hakimu, na hakimu akiwa ameshika kalamu. Kisichoandikwa hakikuombwa."

Pipii, kwa wasiozoea, ndivyo mwendesha mashtaka anavyoitwa mahakamani na mahabusu. Hata wenyewe wanaitikia.

Jioni ile nilianza kusoma sheria kwenye simu, na nimekuwa nikisoma tangu hapo, kwa hiyo nivumilie kidogo. Namba nitakazotaja ni za kitabu kilichokuwa kikitumika wakati wa kesi yetu. Toleo la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limezisogeza namba nyingi, basi ukienda kutafuta usishangae ukikuta kifungu kimehama nyumba.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, kifungu cha 9(3), inasema kesi ikifunguliwa mahakama ya hakimu, na yule aliyetoa taarifa ya kosa akawa ametajwa kuwa shahidi, basi hakimu ahakikishe mshtakiwa anapewa nakala ya taarifa ile na ya maelezo ya mtu huyo, mara moja. Soma tena. Anayetakiwa kuhakikisha ni hakimu. Haikuandikwa "mshtakiwa akiomba." Lakini sasa angalia na upande wa pili: kifungu kinamzungumzia mtoa taarifa. Kwetu alikuwa mwenyekiti wa chama, ambaye hakuona lolote, alipewa tu hesabu. Mlinzi aliyedai kuona kwa macho hayumo ndani ya kifungu. Kumpatia mshtakiwa maelezo ya mashahidi waliobaki kunategemea aombe, na kunategemea na sikio la anayeombwa.

Kilichonikera zaidi ni hiki. Jirani yangu wa duka la pembeni ana ndugu aliyekuwa na kesi ya mauaji. Kesi kama hiyo haisikilizwi na hakimu wa wilaya, inaanzia kwake kisha inapelekwa Mahakama Kuu, na kwenye kupelekwa huko mshtakiwa husomewa maelezo ya mashahidi wote ambao upande wa mashtaka unakusudia kuwaita. Vijana wa mahabusu bado wanaziita kesi za PI, yaani za uchunguzi wa awali. Kifungu cha 249 kinampa haki ya nakala ya mwenendo huo bila malipo, na hakimu anapaswa kumweleza hivyo. Tena kifungu cha 289 kinasema shahidi ambaye maelezo yake hayakusomwa kule hawezi kuibuka Mahakama Kuu bila taarifa ya maandishi ya kutosha. Hiyo ni sheria nzuri. Ndugu wa jirani, mwenye kesi ya kunyongwa, alikuwa na mfuko mzima wa karatasi anazisoma mahabusu. Mjomba, mwenye kesi ya korosho, alikuwa na ukurasa mmoja na nusu.

Najua jibu lake: kosa likiwa kubwa, ulinzi uwe mkubwa. Sawa. Lakini watu wengi sana wa mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, hawashtakiwi kwa mauaji. Wanashtakiwa kwa ng'ombe, kwa bangi, kwa pikipiki, kwa ugomvi wa uraka, pombe ya mabibo, kwa magunia. Na magereza yanajaa kwa hizo. Mtu akifungwa miaka mitano kwa magunia, familia yake haihesabu kuwa hilo ni kosa dogo.

Tarehe iliyofuata mjomba alisimama, akaomba. Nilikuwa nimemwandikia sentensi kwenye kipande cha karatasi, naye aliisoma kama anasoma matangazo ya msikitini: "Mheshimiwa, naomba kupatiwa nakala za maelezo ya mashahidi wote ili niweze kujitetea." Mwendesha mashtaka akajibu kwamba hana pingamizi, atapatiwa. Hakimu akaandika. Tukapongezana.

Tarehe ya pili jalada lilikuwa kwa mkuu wa upelelezi. Ya tatu jalada lipo, ila aliyetakiwa kutoa kopi yuko safari. Hapo nilisimama nje nikawaza: mimi nina mashine. Wanipe saa moja tu, nitawatolea na nakala ya ofisi, bure. Tarehe ya nne hakimu alipandisha sauti kidogo, na kabla ya saa sita mchana mjomba alikuwa na karatasi kumi na moja mkononi. Nilizitoa kopi seti tatu. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona fomu zile kwenye kioo changu.

Tulizisoma usiku, shata ya duka ikiwa imeshushwa nusu. Maelezo ya polisi yaliandikwa Kiswahili, na hilo lilitusaidia mno, maana mwenendo wa mahakama kwa miaka mingi ulikuwa ukiandikwa Kiingereza wakati kila mtu chumbani anaongea Kiswahili, mpaka Sheria Namba 1 ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Macho ya mjomba si mazuri, kwa hiyo nilisoma mimi. Nilipofika kwa mlinzi nikasimama. Alikuwa amewaambia polisi, siku tatu baada ya tukio, kwamba usiku ule alikuwa anaumwa, amelala kibandani, akasikia mlio wa gari, hakutoka. Asubuhi akaona alama za matairi.

Hakuona mtu. Hakuona tochi.

Nilidhani mjomba atapiga kelele. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akakaa, kisha akasema, "Kumbe alikuwa anaumwa," kama mtu anayesikitika kwamba hakwenda kumjulia hali.

Hapa niseme jambo ambalo halitusifu. Asubuhi yake wapwa wengine wawili, vijana, walishapata pikipiki ya kwenda kwa mlinzi "kuzungumza naye." Mjomba aliwafukuza kwa fimbo. Nalisema hili kwa kuwa hofu ya polisi haikutoka hewani. Vijiji vyetu ni vidogo, shahidi anachota maji kisima kimoja na mke wa mshtakiwa, na kuna kesi, hasa za watoto waliobakwa na jamaa zao, ambapo karatasi ikifika mikono isiyofaa siku moja mapema, mtoto hatasema tena. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi ipo tangu 2015, na mahakama inaweza kuficha jina, kusikiliza faraghani, kukataza shahidi asifuatwe. Hizo ni kazi za mahakama, zifanyike kwa kesi inayohitaji. Kuwaficha wote maelezo yote kwa sababu ya wale wachache ni sawa na kufunga soko zima kwa kuwa mmoja aliuza samaki aliyeoza.

Kuwa na karatasi, tuligundua, ni nusu ya safari. Mjomba alitaka tarehe inayofuata aipeperushe tu: huyu hapa, mwongo! Yule mama msaidizi alimfundisha kwa jioni mbili, akitumia maelezo ya uongo aliyoyatunga mwenyewe kuhusu kuku aliyepotea. Unaomba shahidi aitwe tena. Akija, unamuuliza kama aliandika maelezo polisi, na kama ile ni saini yake. Sehemu unayoitaka inasomwa, unamwonyesha palepale panapopingana na alichosema kizimbani, unampa nafasi ajieleze. Kisha unaomba yale maelezo yapokewe yawe kielelezo. Kifungu cha 154 cha Sheria ya Ushahidi ndicho kinachotaka shahidi aonyeshwe kwanza, na Mahakama ya Rufani imeshasisitiza kwamba bila hatua hizo karatasi inabaki karatasi, haiwi ushahidi. Yote hayo yafanywe na mzee wa darasa la saba, mwenye presha, bila wakili. Wakili tulimuulizia. Bei yake ilikuwa shamba.

Mlinzi alirudi. Mjomba alitetemeka, aliruka hatua moja, hakimu akamrudisha kwa upole: "Mzee, muulize kwanza kama ni saini yake." Nitamshukuru yule hakimu mpaka nife, kwa sababu angeweza kunyamaza. Mlinzi aliposomewa alitazama chini muda mrefu. "Nilichanganya," akasema. Hakusema ni lini alichanganya.

Basi ningeweza kuishia hapo na ungekuwa mwisho mwema. Lakini ndani ya karatasi zile kumi na moja, kwenye maelezo ya askari mpelelezi, kulikuwa na mstari mmoja nilioupita mara mbili kabla haujanishika: nilimhoji pia dereva wa gari hilo na kuandika maelezo yake.

Dereva. Fuso lilipatikana! Dereva wake alipatikana, akakalishwa, akaandikwa. Na hakuwa miongoni mwa majina manne.

Mjomba akaomba na hayo. Safari hii jibu lilikuja haraka. "Mheshimiwa, huyo si shahidi wetu." Na kwa namna sheria ilivyo, hakuwa amekosea sana. Kifungu cha 9 kinamzungumzia aliyetajwa kuwa shahidi. Hata ule utaratibu mzuri wa Mahakama Kuu unawahusu mashahidi wanaokusudiwa kuitwa. Kwa hiyo, ukibahatika, sheria yetu inakuonyesha fimbo utakayochapwa nayo. Aliyeulizwa na polisi akasema jambo la kukusaidia, na kwa sababu hiyohiyo akaachwa nje ya orodha, maneno yake yanabaki kwenye jalada. Unaweza kuambiwa umwite mwenyewe kuwa shahidi wako wa utetezi. Ndiyo, haki hiyo ipo. Lakini utamwita mtu usiyejua atasema nini? Na kama si mkono wa askari ulioandika mstari ule mmoja, hata kuwepo kwake tusingekujua. Haki ya kuomba inamfaa anayejua cha kuomba.

Majirani zetu Wakenya, kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 50, waliandika wazi kwamba mshtakiwa ana haki ya kujulishwa mapema ushahidi ambao upande wa mashtaka unakusudia kuutumia, na kuufikia kwa kiasi cha kuridhisha. Ni hatua, ingawa na wao maneno yameegemea kwenye kile kinachokusudiwa kutumika. Marekani mwaka 1963, katika kesi ya Brady, Mahakama ya Juu ilisema upande wa mashtaka ukificha ushahidi wa maana unaomsaidia mshtakiwa aliyeuomba, haki imevunjwa, hata kama hapakuwa na nia mbaya. Kanada walikwenda mbali zaidi mwaka 1991 katika kesi ya Stinchcombe, nayo naipenda kwa kuwa ilihusu kitu kama chetu: shahidi aliyekuwa ameongea na polisi, mashtaka wakaamua kutomwita, utetezi ukanyimwa maelezo yake. Mahakama ya Juu ya kule ikasema matunda ya upelelezi si mali ya serikali ya kupatia hatia, ni mali ya umma, ya kuhakikishia haki inatendeka. Uingereza walijifunza kwa maumivu. Mwanamke aliyefungwa mwaka 1974 kwa milipuko ya mabomu aliachiwa mwaka 1992, baada ya kudhihirika kwamba majibu ya vipimo yaliyokuwa upande wake hayakuonyeshwa kwa mawakili wake. Miaka kumi na minane, na majibu yenyewe yalikuwepo muda wote, kwenye karatasi.

Kwetu si kwamba hakuna msingi. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inatoa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na neno hilo ukamilifu mimi huwa nalipigia mstari. Ibara ya 59B inamtaka Mkurugenzi wa Mashtaka azingatie nia ya kutenda haki, ikiitaja kabla ya mambo mengine. Kama nia ni kutenda haki, maelezo ya dereva ni ya kwake au ni ya kwetu sote? Kinachokosekana ni sentensi moja kwenye sheria, itakayosema kila kilichokusanywa na upelelezi, kiwe cha kuumiza au cha kusaidia, mshtakiwa akione kabla shahidi wa kwanza hajala kiapo, na anayetaka kukizuia aende kwa hakimu aeleze sababu. Nakala ilipiwe na serikali. Nasema hivyo mimi ambaye naishi kwa shilingi mia mia za kopi.

Mjomba aliachiwa huru Agosti 2022. Hakimu aliandika kwamba mlinzi haaminiki, daftari la mizani halikuletwa mahakamani, na kutoitwa kwa dereva, ambaye alikuwa shahidi muhimu na alikuwa amepatikana, kunaifanya mahakama iutilie shaka upande wa mashtaka. Hukumu ilisomwa kwa dakika kama ishirini. Tulipika pilau. Misimu miwili mikorosho yake haikupuliziwa salfa, ugonjwa wa ubwiri unga ukaila, na ekari mbili ziliuzwa kwa ajili ya nauli na mengineyo. Kazi ya karani hakurudishiwa, naye hakuiomba.

Mwaka jana tulikuwa tunakwenda msibani Lindi, basi likasimama Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi inapokutana na ya kwenda Lindi. Mjomba alishuka kununua korosho za kukaanga, jambo ambalo huwa tunamtania nalo, mkulima mzima. Nilimwona kupitia dirishani amesimama na mwanamume wa makamo mwenye kofia, wameshikana mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida ya stendi. Nikashuka.

"Huyu ndiye dereva," mjomba akaniambia.

Yule bwana alinisalimia vizuri. Alisema usiku ule alitumwa na mtu mwingine kabisa, akalitaja na jina, ambalo mimi silitaji, na kwamba hakumwona mjomba pale ghalani wala hakuwa na habari naye. Alisema aliyaeleza yote hayo polisi siku mbili mfululizo, akatia saini kila ukurasa, akaruhusiwa kwenda, akaendelea na safari zake za Tunduru. Kesi ilipoisha alisikia tu kwamba mzee ametoka.

"Sasa kwa nini hukuja kunisemea?" mjomba akamuuliza.

Dereva alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu.

"Mzee, mimi nilishasema. Nilijua wamekuonyesha."

Kondakta alikuwa anagonga bodi. Mjomba akampa yule bwana pakiti moja ya korosho, akabaki na moja, tukapanda.